Asili ya Neno "Boi"

Katika kamusi za Kiswahili "boi" hufasiriwa kuwa mtumishi wa kiume wa nyumbani, nalo latokana na neno la Kiingereza boy, yaani mtoto wa kiume. Hapo wengi husema kwamba Waswahili walilisikia vibaya, ama kwamba Wazungu walilipotoa walipofika huku. La kwanza si kweli. La pili ni nusu ya kweli.

Katika maandiko ya Kiingereza ya karne ya 13 boy halikuwa jina la mtoto. Lilikuwa jina la mtumishi, au mtu duni. Mtoto wa kiume aliitwa knave, neno lenye udugu na Knabe la Kijerumani, na girl alikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Baadaye knave likashuka likawa mtumishi, kisha ayari, na boy likakalia kiti chake. Asili ya boy yenyewe ina ubishi. Mwaka 1940 E. J. Dobson alilinasibisha na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya aliyetiwa pingu, kutokana na boia la Kilatini. Si wote waliomkubali. Kiarabu nacho kina ghulam, kijana na mtumwa pamoja, wala si ajabu, maana katika nyumba nyingi atumwaye ndiye mdogo.

Basi boi wa Nairobi zama za ukoloni alipewa jina kwa maana yake kongwe. Lakini aliyemwita hivyo alisikia utoto ndani ya neno, na tusi lilikaa hapo: mwenye mvi akiitwa mtoto na mtu wa rika la mwanawe. Katika Kiswahili tusi hilo lilijificha. Boi lilitaja kazi tu, na mtu aliweza kusema "boi mzee" bila kujipinga. Aliyezijua lugha zote mbili ndiye aliyeyasikia yote.

Huko Marekani halikujificha. Wazoa taka wa Memphis walipogoma mwaka 1968 walibeba mabango yasemayo kwamba kila mmoja wao ni mwanamume. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba boy peke yake, pasipo kutajwa rangi, laweza kuwa ushahidi wa ubaguzi, kwa kutegemea muktadha na sauti ya msemaji.

Kwetu leo husikika zaidi "hausigeli", nalo huitiwa hata mama wa watoto watatu.