Mlango Mwembamba wa Kompyuta za Zamani

Msomaji, yamkini hujapata kuisikia modemu ikilia. Katika miaka ya 1980 na 1990 kompyuta za nyumbani zilizungumza kwa waya wa simu, waya uliotengenezwa kuchukua sauti ya mwanadamu. Modemu ndiyo iliyokuwa mkalimani: iligeuza hesabu za kompyuta kuwa milio, na modemu ya upande wa pili ikairudisha milio hiyo kuwa hesabu.

Modemu za mwanzo wa miaka ya 1960 zilipeleka biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi. Kufika mwaka 1991 mwendo ulikuwa biti 14,400, na mwaka 1994 biti 28,800. Walakini wengi walionunua modemu hizo mpya waliona maajabu: herufi zilipotea njiani, na maandishi yakabidi kupelekwa tena. Uingereza, na hapa kwetu pia, simu ililipiwa kwa muda wake. Basi kila herufi iliyopotea ilikuwa na bei. Watu waliulaumu waya, kumbe mara nyingi kasoro ilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na nyingi zilizoiiga, zilipokea herufi kwa chipu iitwayo 8250. Chipu hiyo ilikuwa kama bawabu mwenye kiti kimoja tu cha mgeni. Herufi ilipofika, bawabu alibisha, na ilimpasa bwana wa nyumba aache kazi yake aje kuichukua kabla ya nyingine kufika. Kwa mwendo wa biti 300 nafasi ilikuwa tele. Lakini modemu za baadaye zilibana maandishi ili yapite upesi, na kwa sababu hiyo kompyuta iliwekwa kusema na modemu yake kwa biti 57,600, kasi kuliko waya wenyewe. Hapo herufi 5,760 zaweza kufika kwa sekunde moja! Bwana wa nyumba akichelewa kidogo tu, kwa kuchora picha au kuandika katika diski, mgeni wa pili hukalia kiti cha wa kwanza, na wa kwanza hapatikani tena.

Dawa yake ilikuwa chipu ya 16550A, yenye foleni ya viti 16. Katika kompyuta nyingine chipu ya zamani iling'olewa na hii ikapachikwa mahali pake. Penginepo ilinunuliwa kadi. Programu nayo ilipaswa kuamriwa kuitumia foleni, na modemu kuzuiwa kwa ishara ya waya kila foleni ilipokaribia kujaa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa busara kuliko kuitupa kompyuta nzima.

Hata hivyo chipu haikuweza kuupanua waya. Claude Shannon alikwisha kuonyesha mwaka 1948 kwamba kila njia ya habari ina kikomo chake, kwa kadiri ya upana wake na makelele yaliyomo. Mwenye nyaya kuukuu nyumbani, zenye viungo vilivyolegea, alikuwa bado na kazi ya kuzikaza.