Kukodi jahazi Lamu: mambo ya kujua kabla ya kuzuru visiwa

Funguvisiwa la Lamu, lililo kaskazini mwa pwani ya Kenya karibu na mpaka wa Somalia, ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika Mashariki ambako msafiri bado aweza kukodi chombo cha tanga na kuzuru kisiwa baada ya kisiwa kwa siku kadhaa. Visiwa vikuu ni Lamu, Manda na Pate. Kaskazini zaidi kipo Kiwayu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Makala haya yanaeleza jinsi safari hiyo inavyopangwa, hasa kwa msomaji wa nchi za maziwa makuu asiyeizoea bahari.

Chombo na watu wake

Jahazi halikodiwi bila nahodha. Tanga lake la pembetatu hufungwa kwenye foromali, yaani mti mrefu unaoning'inizwa mlingotini, na chombo kinapogeuzwa ili kipokee upepo kwa ubavu mwingine, foromali nayo huhamishwa upande wa pili wa mlingoti. Kazi hiyo yataka mabaharia waliozoeana. Kwa hiyo mkodishaji hutoa chombo, nahodha, mabaharia na, kwa safari ya kulala, mpishi.

Mapatano yafanywe na nahodha mwenyewe au mwenye chombo, si na mpita njia wa gatini, na yaandikwe. Yataje idadi ya abiria na siku, vituo, chakula na maji ya kunywa, mafuta ya mashine ya akiba, na nani atalipa kiingilio cha hifadhi. Lipa arubuni tu kabla ya kuondoka; salio lilipwe mwishoni. Katika mwezi wa Ramadhani mabaharia hufunga, basi saa za kazi na za mapishi zipangwe kwa kuzingatia hilo.

Pepo mbili

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba. Kwa kuwa Kiwayu iko kaskazini mashariki ya Lamu, wakati wa kaskazi chombo huenda kwa kupiga bisho na kurudi kwa upepo wa nyuma. Wakati wa kusi mambo hugeuka: kwenda ni rahisi, kurudi ni taabu. Anayesafiri majira hayo na aweke angalau siku moja ya ziada, asije akakosa ndege au basi. Mvua za masika na kusi kali huifanya miezi ya Mei hadi Julai kuwa migumu kuliko yote.

Kupwa na kujaa

Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika hayana maji ya kupwa na kujaa yanayomshughulisha baharia. Lamu ni tofauti. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila kukicha. Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara, vyombo vikubwa huupita maji yakiwa yamejaa. Hali kadhalika mkono wa bahari unaoelekea kwenye magofu ya Takwa. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina ni kubwa zaidi, na chombo kilichochelewa chaweza kukwama juu ya tope kwa saa nyingi. Ndiyo sababu nahodha huweza kuwaamsha abiria kabla ya alfajiri.

Vituo

Katika kisiwa cha Pate kuna ngome ya Siyu ya karne ya 19, na Shanga, ambako wanaakiolojia walifukua mabaki ya misikiti ya tangu karne ya 8. Vijijini humo wenyeji ni Waislamu, na mgeni hutarajiwa kuvaa mavazi ya heshima.

Usalama

Mwaka 2011 watu wenye silaha waliwashambulia na kuwateka wageni Kiwayu na Manda, na tangu hapo hali ya usalama karibu na mpaka hufuatiliwa kwa makini. Kabla ya kulipa, uliza polisi au ofisi ya kaunti iwapo njia ya kuelekea Kiwayu iko wazi. Ikiwa haiko wazi, Manda na Pate zinatosha kwa safari ya siku tatu.

Mamlaka ya Shughuli za Baharini ya Kenya ndiyo inayosimamia ukaguzi wa vyombo. Omba kuonyeshwa cheti. Hesabu majaketi ya kuokolea maisha, uyajaribu, na uhakikishe yapo yanayowatosha watoto. Abiria wakizidi idadi iliyoandikwa, usipande. Nahodha akisema leo hatutweki tanga, asishurutishwe, hata kama siku ya kurudi imewadia.