Elimu ya Nyoka: Urithi, Makosa na Tiba

Ni wanyama wachache wa porini walioingia katika lugha yetu kwa kina kama nyoka. Mtafunwa na nyoka, walisema wahenga, akiona unyasi hushtuka. Na mwana wa nyoka ni nyoka. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wazee walikataza jina lake lisitajwe usiku, na aliyelazimika kumtaja alisema “kamba”, na kila aliyemsikia alielewa. Watu hawatungi methali juu ya kiumbe wasiyemjua, wala hawamwekei miiko kiumbe asiyewadhuru. Lugha yenyewe basi ni shahidi wa kwanza kwamba wazazi wetu waliishi karibu na nyoka, wakamchunguza, wakamwogopa, na wakajifunza kitu.

Nia ya insha hii ni kuipima elimu hiyo, si kuisifu tu. Maana elimu ya nyoka ilikuwa na matawi mawili. Tawi la kwanza ni la kumjua nyoka na kujihadhari naye. Tawi la pili ni la kumtibu aliyekwisha kuumwa. Matawi haya yalikua pamoja juu ya shina moja, lakini nguvu zake hazikuwa sawa. Taifa linalopenda utamaduni wake halina budi kujua ni tawi lipi la kukalia na ni lipi lisilobeba uzito wa mtu. Na katika jambo hili kukosea ni kupoteza mguu, au roho.

Tuanze na tawi la kwanza. Mkulima wa zamani hakusoma vitabu vya elimu ya viumbe, lakini alijua kwamba nyoka hawafanani tabia. Alijua kwamba koboko ni mwepesi, na kwamba mara nyingi hukimbia apatapo njia. Alijua kwamba kifutu, ambaye kwingine huitwa moma au bafe, ni mzito na mvivu, na kwamba hatari yake imo katika uvivu huo: hutulia katika majani makavu, akitumaini rangi yake imfiche, wala haondoki mpaka unyayo umfikie. Alijua kwamba swila hutema sumu akilenga macho. Alijua pia kwamba chatu, pamoja na ukubwa wake wote, hana sumu. Wataalamu wa leo hawana la kubatilisha katika hayo.

Kutokana na ujuzi huo zilizaliwa desturi. Uwanja wa nyumba ulifagiwa kila asubuhi, na majani yaliyouzunguka yalifyekwa. Ghala lilijengwa juu ya nguzo, kwani panya akipata chakula nyoka humfuata panya. Msafiri wa usiku alishika kijinga cha moto mkono mmoja na fimbo mkono wa pili. Watoto waliambiwa wasipige mbinja usiku, wasije wakamwita nyoka. Nyoka hana masikio ya nje kama yetu, na hupata habari nyingi kwa mtikisiko wa ardhi; hapana ushahidi kwamba mbinja humwita. Lakini mwiko huo ulimkumbusha mtoto, kila jioni, kwamba giza lina wenyewe. Mara nyingi mwiko hubeba akili ambayo sababu yake inayosemwa haiielezi.

Mahali ambapo elimu hii iliwekewa utaratibu mkubwa kuliko desturi za nyumbani ni Usukumani. Huko kulikuwa na chama cha waganga na wawinda nyoka, Bayeye, na chama chao kiliitwa Buyeye. Mwanachama hakuzaliwa anajua, alifundishwa. Aliapishwa, akachanjwa chale na kupakwa dawa, akajifunza majina ya nyoka na mimea, na akafundishwa nyimbo na siri za chama. Mwaka 1946 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapa makala ndefu juu ya Buyeye. Kabla yake, mwaka 1935, F. G. Carnochan na mwenzake H. C. Adamson walikuwa wametoa kitabu juu ya watu wa nyoka wa Unyamwezi. Katika miaka ya 1950, Padre David Clement alianza kukusanya vitu na habari za Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa, nje ya Mwanza. Hapo pamekuwa makumbusho, na ngoma za nyoka zimeendelea kuchezwa mbele ya watazamaji.

Mtazamaji wa ngoma huona ujasiri tu. Lakini tazama mkono wa mchezaji: haumshtui nyoka, haumbani kwa pupa, nao hujua kichwa kilipo kila nukta. Huo ndio utii uliofundishwa chamani. Ngoma yenyewe ilikuwa namna ya kusema hadharani kwamba nyoka si shetani bali ni mnyama mwenye desturi zake, na mwenye kuzijua desturi hizo huweza kukaa naye. Tena tusisahau kwamba mwenye ruhusa ya kumshika alikuwa mwanachama peke yake. Wengine wote walitakiwa kukaa kando.

Kusini mwa nchi elimu hiyo hiyo ya wananchi ilimfaa mgeni. C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1901, alikuwa mtumishi wa Idara ya Wanyama huko Liwale. Baada ya kustaafu alijishughulisha na kukamata nyoka, hasa Newala, akiwapeleka hai katika bustani za wanyama na kwa wataalamu. Watu walimwita Bwana Nyoka. Alikamata nyoka wa kijani wa mitini, ambao ni jamaa ya koboko, na ile jamaa ya kifutu ikaayo msituni, yenye meno ya sumu yanayoweza kufikia sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka yeyote duniani. Alifariki mwaka 1968, na vitabu vimelihifadhi jina lake. Lakini Bwana Nyoka hakuweza kuujua kila mkorosho wa Newala. Wanakijiji ndio waliomletea habari: nyoka yuko mti fulani, katika shamba la fulani. Macho yao yalikuwa nusu ya kazi yake, ingawa majina yao hayakuandikwa katika majalada.

Sasa tulitazame tawi la pili, yaani tiba. Hapa hatuna budi kusema kweli bila kuwavunjia heshima wazee. Majani, mizizi, chale na kamba ya kufunga mguu havikuweza kuiondoa sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Lakini wageni waliotucheka hawakuwa na tiba bora. Mwaka 1881 João Baptista de Lacerda wa Brazili alitangaza kwamba pamanganeti, ile dawa ya rangi ya zambarau, huiharibu sumu ya nyoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikatengenezwa Uingereza kijisu chenye pamanganeti katika mpini wake, msafiri apasue jeraha na kulisugulia dawa. Kijisu hicho kilipasua mishipa na kuchoma nyama, na sumu ikaendelea na safari yake. Hata lile “jiwe la nyoka” jeusi, ambalo wengi wetu hulidhania kuwa urithi wa mababu, ni mfupa wa ng’ombe uliochomwa, na wamisionari ni miongoni mwa waliolieneza. Hunata kwenye jeraha kwa kufyonza unyevu, lakini halina nguvu ya kuivuta sumu. Ujinga katika jambo hili haukuwa na kabila wala rangi.

Kwa nini basi mganga wa Sukuma, kama yule wa London, alijenga sifa ya kuponya? Hesabu hutoa jibu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati yao waingiwao na sumu ni milioni 1.8 hadi 2.7. Maana yake ni kwamba nusu ya walioumwa, au zaidi, hawakupata sumu: ama nyoka hakuwa na sumu, ama aliuma bila kuitoa. Hao watapona kwa jani, kwa jiwe, kwa kijisu, au kwa kukaa bure. Mganga alihesabu waliopona, na kwa uaminifu kabisa akaiamini dawa yake. Lakini ile nusu ya pili ndiyo inayotoa vifo 81,000 hadi 138,000 kwa mwaka, na walemavu wa kudumu, wakiwamo waliokatwa viungo, wapatao mara tatu ya idadi hiyo.

Tiba ya kweli ilianza kupatikana mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1894, huko Ufaransa, Albert Calmette upande mmoja, na Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand upande mwingine, walionyesha kwamba mnyama aliyepewa sumu kidogo kidogo huzalisha katika damu yake kitu kinachoipinga sumu hiyo. Maji ya damu yake yakisafishwa huwa dawa, nayo huitwa seramu. Haukupita muda mrefu, Vital Brazil, daktari wa nchi ya Brazili, akathibitisha kwamba seramu ya nyoka wa aina moja haimfai aliyeumwa na nyoka wa aina nyingine kabisa. Afrika ya Kusini ilianza kutengeneza seramu kwa nyoka wa Afrika mwaka 1928. Msomaji atakuwa ameona kwamba wazo la kuuzoesha mwili lilikuwa karibu na lile la chale za Bayeye. Tofauti ni kipimo, na kwamba aliyezoeshwa ni farasi. Chale hazimkingi mtu, na asidanganyike nazo kijana yeyote.

Wala elimu ya kitabuni peke yake haikingi. Mwezi Septemba 1957 Karl P. Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka duniani, aliumwa kidoleni huko Chicago na nyoka mdogo wa mitini kutoka Afrika. Jeraha lilikuwa dogo, na hatari haikudhaniwa kuwa kubwa. Aliandika kwa utulivu dalili alizozipata, na siku ya pili alifariki. Nyoka haogopi shahada.

Tena dawa kujulikana si dawa kupatikana. Seramu ni ghali, nyingine hutaka kuhifadhiwa katika baridi, na wanaoihitaji ni wakulima na wafugaji wakaao mbali na hospitali. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza seramu ya Fav-Afrique iliyotumika katika nchi nyingi za Afrika, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka shabaha ya kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu ifikapo mwaka 2030.

Kwa hiyo, vijana wetu na washike nini? Katika kujihadhari, washike urithi: uwanja safi, viatu miguuni, taa mkononi, kitanda au chandarua kilichochomekwa vema badala ya kulala chini wazi, na mkono usioingizwa shimoni wala kuinua gogo bila kutazama. Nyoka aliyeonekana aachiwe njia. Wengi huumwa wakijaribu kumuua, na yeye ndiye mla panya wa mashamba yetu. Katika tiba, wasishike desturi. Aliyeumwa aondolewe hapo, atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, kiungo kilichoumwa kifungiwe gango kisitikisike, na apelekwe hospitali mara moja. Asichanjwe, asifyonzwe, wala asifungwe kamba ya kukaza, maana kamba hiyo huweza kuuoza mguu ambao sumu peke yake isingeuoza. Sumu ikitemwa machoni, yaoshwe kwa maji mengi safi. Nyoka asifuatwe ili akamatwe. Yatosha kukumbuka rangi na umbo lake.

Mganga wa kijiji naye asifukuzwe katika kazi hii. Watu wanamwamini, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kubishiwa hodi usiku. Akisema, “Mchukueni upesi hospitali,” neno lake litaokoa watu wengi kuliko mizizi yake. Nao walimu wanaweza kuanza kesho: wawaagize wanafunzi wakawaulize babu na bibi zao majina ya nyoka wa mahali pao, rangi zao, makao yao na miiko yao, kisha wayaandike katika daftari moja la shule. Wazee wenye majina hayo wanapungua kila mwaka, na ilhali nyoka bado wapo.