Sarafu bandia na nakala (ukusanyaji)

Sarafu bandia hufuliwa ili ipokewe kama halali. Nakala ni mfano wa wazi, wa kufundishia au wa pambo. Wakusanyaji wengi huzikwepa zote mbili, nao wanajinyima elimu: hakuna anayeghushi pesa isiyoaminiwa na watu.

Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ina mfano wake. Jomo Kenyatta, alipotoka kifungoni Lokitaung, alizuiliwa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Mwaka 1966 uso wake ukatokea kwenye sarafu za kwanza za Kenya huru. Zile za 1966 hadi 1968 zina picha tupu. Kuanzia 1969 jina lake linaizunguka picha hiyo. Ukikuta shilingi ya 1967 yenye jina, ishuku papo hapo.

Ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, Ethiopia, ilitamba sarafu ya fedha, riale ya Maria Theresa, iliyotumika pia Zanzibar. Malkia huyo wa Austria alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Uarabuni na Bahari ya Shamu walikataa sura nyingine, basi Vienna ikaendelea kuifua ikiandikwa mwaka uleule. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini ilipata chapa zake ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Ethiopia. London ikaanza kufua za kwake 1936, na Bombay ikafuata wakati wa vita. Zote zimeandikwa 1780. Je, ni bandia? La: fedha na uzito havikupunguzwa, wala hakuna aliyepunjwa. Bandia ni ile iliyochanganywa risasi au shaba kupita kiasi.

Riale ya kweli ina gramu 28.07, fedha yake ni sehemu 833 kwa 1,000, na ukingoni ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka. Wazee wa biashara walihesabu lulu tisa kwenye kishikizo cha begani. Kipimo kizuri zaidi ni cha maji: weka kikombe cha maji juu ya mizani, uitumbukize riale ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini. Mizani ipande gramu 2.75 hivi. Ikipanda zaidi, madini yake ni mepesi kuliko inavyopasa.

Kambi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, imepokea wakimbizi tangu 1992: Wasudan Kusini, Waethiopia, Wasomali, Wakongo. Anayenunua sarafu mahali pa namna hiyo, penye watu wa nchi nyingi, aandike maelezo ya muuzaji siku ileile: ilitoka wapi, ilipitia mikono ya nani. Bandia isiyo na historia ni kipande cha chuma tu.

Nakala za Marekani hutakiwa kupigwa neno COPY, kwa sheria ya 1973. Walaghai hulisugua, kwa hiyo tafuta doa laini lisilolingana na uchakavu wa pande nyingine.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina sura nzima ya makosa ya sarafu. Kwa hiyo bandia zikae kwenye bahasha zenye maandishi, mbali na pochi.