Bretton Woods: hoteli ya mlimani ilikozaliwa IMF na Benki ya Dunia

Kila bajeti inaposomwa, na kila shilingi inapoyumba, majina mawili hayakosi kwenye taarifa zetu za habari: Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF, na Benki ya Dunia. Mara nyingi mtangazaji huyaita mashirika haya kwa pamoja "taasisi za Bretton Woods", kisha anaendelea na habari nyingine. Msikilizaji anabaki akijiuliza: huyu Bretton Woods ni nani?

Si mtu. Ni mahali penye milima nchini Marekani, na pale mahali kuna hoteli ya kifahari yenye umri wa zaidi ya miaka 120. Mashirika hayo mawili yalizaliwa ndani ya hoteli hiyo mwaka 1944. Katika makala hii tunaeleza hoteli ilivyo, mgeni anakaaje humo leo, na yale yaliyoamuliwa humo ambayo yamefika mpaka kwenye ada ya shule na bei ya mbolea vijijini kwetu.

Iko wapi?

Hoteli inaitwa Mount Washington. Iko katika jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani, kwenye safu ya milima iitwayo White Mountains. Kutoka mji wa Boston ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, sehemu kubwa ukipita kwenye misitu.

Jina imelipata kutokana na mlima ulio mbele yake. Mlima Washington una urefu wa mita 1,917. Kwa mtu wa Kilimanjaro huo si mrefu: ni karibu sawa na Lango la Marangu, pale wapandaji wanapoanzia safari. Lakini usiudharau. Tarehe 12 Aprili 1934, kituo cha hali ya hewa kilichoko kileleni kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, rekodi ya dunia iliyodumu zaidi ya miaka 60. Mwezi Februari 2023 baridi ilishuka hadi nyuzi 44 chini ya sifuri. Zaidi ya watu 150 wamekufa kwenye mlima huo na vilele vya jirani.

Nani aliijenga?

Aliyeijenga ni Joseph Stickney, tajiri wa makaa ya mawe na reli. Kazi ilianza mwaka 1900 na mafundi 250 wa Kiitaliano, wajuzi wa mawe na nakshi za chokaa, wakaletwa kuifanya. Milango ilifunguliwa Julai 1902. Wakati vijiji vingi vya Marekani bado vilikuwa vinatumia taa za mafuta, hoteli hii ilikuwa na umeme, simu na posta yake yenyewe.

Wageni wake walikuwa matajiri wa Boston, New York na Philadelphia. Walifika kwa treni wakiwa na masanduku na watumishi wao, wakakaa majira yote ya joto wakikimbia joto na vumbi la mjini. Baridi ikianza, hoteli ilifungwa.

Stickney hakuifaidi kwa muda mrefu. Alifariki mwaka 1903, mwaka mmoja tu baada ya kuifungua. Mkewe, Carolyn, ndiye aliyeishika. Baadaye aliolewa na kabaila wa Kifaransa mwenye cheo cha mwanamfalme, ndiyo maana wafanyakazi humwita mpaka leo "binti mfalme". Inasimuliwa kwamba jioni alikuwa anachungulia kutoka roshani ndogo juu ya ukumbi wa chakula, akitazama mavazi ya wanawake waliofika. Akiona kuna aliyempita, alirudi chumbani kubadilisha gauni.

Mgeni akifika leo

Siku hizi hoteli iko wazi mwaka mzima. Ilianza kupokea wageni wa majira ya baridi mwaka 1999. Ukitokea barabarani unaiona kwa mbali: jengo jeupe lenye paa jekundu na minara miwili, limekaa peke yake chini ya milima. Lina vyumba kama 200.

Kitu cha kwanza mgeni anachokwenda kukiona ni baraza. Inazunguka jengo kwa zaidi ya mita 250, na imepangwa viti vya kubembea. Watu hukaa hapo asubuhi na kahawa, wakitazama mlima ukifunuliwa na ukungu, na jioni hurudi tena. Ukumbi wa chakula una pembe nane, na wenyeji husema ulijengwa hivyo ili asiwepo mgeni wa kuketishwa kwenye kona akajiona amedharauliwa.

Chini ya jengo kuna chumba cha mawe kiitwacho The Cave. Kati ya mwaka 1920 na 1933 pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani nzima, na inasimuliwa kuwa wageni walikunywa hapo kwa siri, wakipewa kinywaji ndani ya vikombe vya chai. Leo ni baa ya wazi. Wanaopenda visa vya kutisha huomba chumba namba 314, chenye kitanda cha nguzo alichokitumia Carolyn. Wapo wanaosema bado hukaa ukingoni mwa kitanda usiku.

Nje, mgeni hucheza gofu wakati wa joto, huteleza kwenye theluji wakati wa baridi, na huenda kupanda treni ya kileleni. Treni hiyo ilianza kazi mwaka 1869, na ndiyo ya kwanza duniani kupanda mlima kwa gurudumu la meno: katikati ya reli kuna safu ya vyuma, na gurudumu hung'ata humo ili behewa lisirudi nyuma kwenye mteremko mkali.

Mwishoni kuna mlango mmoja ambao wageni wengi hupita bila kujua. Ndani ni chumba cha wastani tu, na meza ya duara. Kinaitwa Gold Room, yaani Chumba cha Dhahabu. Hapo ndipo habari yetu inapohamia kwenye mfuko wa kila mmoja wetu.

Kwa nini mkutano ulifanyika hotelini?

Mwaka 1944 Vita Kuu ya Pili ilikuwa bado inapiganwa, lakini Marekani na Uingereza zilianza kufikiria siku ya amani. Walikumbuka miaka ya 1930. Wakati ule kila nchi ilishusha thamani ya fedha yake ili bidhaa zake zionekane rahisi, na ikafunga milango kwa bidhaa za wengine. Biashara ya dunia ikafa, watu wakakosa kazi, na chuki ikaota. Hata Tanganyika, bei ya mkonge na kahawa ilianguka vibaya.

Rais Franklin Roosevelt akaziita nchi kwenye mkutano. Mchumi mkuu wa Uingereza, John Maynard Keynes, alikuwa mgonjwa wa moyo, na aliomba wasikutane kwenye joto la mji mkuu Washington mwezi Julai. Mlimani kulikuwa na hewa baridi, tena mbali na waandishi wa habari na rahisi kulinda. Kulikuwa pia na siasa: seneta wa New Hampshire alitoka chama cha upinzani, na serikali ilihitaji kumvuta upande wake. Na jambo jingine: wakati ule hoteli nyingi za kifahari za Marekani ziliwakataa Wayahudi. Waziri wa fedha wa Marekani, Henry Morgenthau, aliyeongoza mkutano, alikuwa Myahudi. Hoteli ya Mount Washington iliwapokea.

Tatizo ni kwamba hoteli ilikuwa imefungwa tangu mwaka 1942 kwa sababu ya vita. Ilibidi ipakwe rangi na kutengenezwa mbiombio. Wajumbe 730 kutoka nchi 44 walipowasili tarehe 1 Julai, vyumba havikutosha, na baadhi walilala hoteli za jirani.

Walikubaliana nini?

Walikaa wiki tatu, wakati mwingine wakijadiliana mpaka usiku wa manane. Mabishano makubwa yalikuwa kati ya Keynes na Mmarekani Harry Dexter White. Keynes alitaka fedha mpya ya kimataifa isiyo ya nchi yoyote. Pia alitaka nchi inayouza sana nje ibebe sehemu ya mzigo, badala ya mdaiwa kuubeba peke yake. White alitaka dola iwe katikati. Marekani ndiyo iliyokuwa na dhahabu na ndiyo iliyokuwa ikikopesha, hivyo White akashinda.

Tarehe 22 Julai walimaliza. Mambo makuu yalikuwa haya:

- Fedha ya kila nchi ifungwe kwenye dola kwa kiwango maalumu, na dola ifungwe kwenye dhahabu, dola 35 kwa wakia moja.
- Liundwe shirika la kuikopesha nchi iliyoishiwa fedha za kigeni, ili isishushe sarafu yake ovyo. Hilo ndilo IMF.
- Iundwe benki ya kukopesha nchi zilizobomolewa na vita, na baadaye nchi zinazojijenga. Hiyo ndiyo Benki ya Dunia. Mkopo wake wa kwanza, mwaka 1947, ulikwenda Ufaransa.
- Kura za kila nchi zitegemee ukubwa wa mchango wake.

Jambo la kwanza lilikufa Agosti 1971, Rais Richard Nixon alipositisha kubadilisha dola kwa dhahabu. Mengine matatu yapo mpaka leo.

Nani hakuwepo?

Kati ya nchi 44, za Afrika zilikuwa nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilitawaliwa na Wazungu wachache. Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar hazikuwa na kiti. Shilingi yetu ya wakati ule ilisimamiwa na bodi iliyokaa London, na ilifungwa kwenye pauni. Aliyetusemea, kama alitusemea, ni mtawala.

Na hatukuwa nje ya vita. Mwaka huohuo vijana wa Afrika Mashariki waliokuwa kwenye jeshi la KAR walikuwa wanapelekwa kupigana Burma. Walikuwa na nafasi kwenye mahandaki. Mezani hawakuwa nayo.

Ilivyofika kwetu

Baada ya uhuru tulijiunga, Tanganyika mwaka 1962 na Kenya mwaka 1964. Tuliingia kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, na vyumba vimekwisha kugawiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Tanzania iliishiwa fedha za kigeni baada ya bei ya mafuta kupanda na vita ya Kagera. IMF ilikuwa tayari kukopesha kwa masharti: shusheni thamani ya shilingi, punguzeni matumizi ya serikali, ondoeni ruzuku. Mwalimu Nyerere alikataa, na mwanzoni mwa mwaka 1980 alihoji hadharani ni lini IMF iligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, Tanzania ilikubali.

Wazee mnakumbuka yaliyofuata. Bidhaa zilirudi madukani, sabuni na sukari zikaonekana tena. Lakini shilingi ilianguka, ruzuku ya mbolea ikaondolewa hatua kwa hatua, wananchi wakaanza kuchangia matibabu, na ada ikarudi shule za msingi. Watoto wengi walibaki nyumbani. Ada hiyo ilifutwa Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003.

Haki ni kusema upande wa pili pia. Tangu mwaka 1960 Benki ya Dunia ina mfuko wa kukopesha nchi maskini kwa riba ndogo, na barabara nyingi, visima na madarasa yametokana nao. Malipo ya kaya maskini kupitia TASAF yanategemea kwa sehemu mikopo hiyo. Mikopo hiyo hurudishwa, na anayerudisha ni mlipa kodi.

Kuhusu kura, uamuzi mkubwa ndani ya IMF unahitaji asilimia 85. Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16, hivyo inaweza kuzuia. Novemba 2024 nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliongezewa kiti kimoja kwenye bodi, na sasa zina viti vitatu kati ya 25. Ilichukua miaka 80.

Hoteli nayo ilionja deni

Hoteli iliyozaa mkopeshaji wa dunia haikusalimika na madeni. Mwaka 1986 ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa la Marekani, lakini fedha za kuitunza zikapungua, na mwaka 1991 iliuzwa kwa mnada. Walioinunua ni kundi la wafanyabiashara wa eneo hilohilo, walioitengeneza taratibu. Leo iko mikononi mwa kampuni kubwa ya hoteli.

Wengi wetu hatutalala humo, na si lazima. Lakini mara nyingine ukisikia redioni kwamba ujumbe wa IMF umewasili kuzungumza na wizara ya fedha, utajua mazungumzo hayo yalianzia wapi: mlimani, kwenye hoteli yenye baraza ndefu, mwezi Julai, wakati sisi hatujaalikwa. Waulize mbunge na diwani wako mkopo unaofuata ni wa nini, masharti yake ni yapi, na nani atalipa. Hayo maswali hayahitaji chumba hotelini.