Mguu wa Gwaride, Mwendo wa Ngoma

Julai 14, 1989, Ufaransa iliadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake. Asubuhi majeshi yalipita Champs-Élysées kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo. Usiku, katika maandamano yaliyobuniwa na Jean-Paul Goude, Marekani iliwakilishwa kwenye barabara hiyo hiyo na wanafunzi: Marching 100, bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M kilichoko Tallahassee, chuo kilichoanzishwa 1887 kwa ajili ya watu weusi. Walipiga nyimbo za James Brown, wakateleza kinyumenyume kwa mtindo wa Michael Jackson, na safu zao hazikuvurugika.

Msomaji wa pwani yetu hawezi kuitazama bendi hiyo bila kuikumbuka beni, ngoma yetu ya mwendo wa gwaride. Mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa wameshazoea kusikia bendi za mabaharia wa manowari, za misheni, na ile ya Sultani wa Zanzibar iliyopigwa na Wagoa. Vijana wa mitaani wakachukua matarumbeta, ngoma kubwa na sare, wakaunda vyama vya kushindana. Mombasa ikawa na Kingi na Skochi, Dar es Salaam ikawa na Marini na Arinoti. Vita ya 1914 hadi 1918 ikawatawanya askari na wapagazi, nao wakaieneza beni hadi Nyasa na Rhodesia. Katika vita hiyo hiyo Wamarekani weusi wa kikosi cha 369, bendi yao ikiongozwa na James Reese Europe, waliwapigia Wafaransa muziki ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuusikia. Kumbe Paris ya 1989 ilikuwa na watangulizi.

Chimbuko ni kambi ya jeshi kwa pande zote mbili, lakini kila upande ulichota kitu chake humo. Bendi ya Florida A&M ilichukua nidhamu ya mguu na kuivuta hadi mwisho wake. Goti hupanda mpaka paja liwe sambamba na ardhi. Kuna mwendo wa hatua zaidi ya 300 kwa dakika, na kuna mwingine wa hatua 20 tu. Maana yake ni hatua moja kila sekunde tatu: mtu amebeba susafoni begani, mguu mmoja uko hewani, na haruhusiwi kuyumba. Aliyeijenga bendi hiyo kuanzia 1946, William P. Foster, alisoma Chuo Kikuu cha Kansas akitamani kuongoza okestra, akaambiwa kwamba mtu mweusi hatapata kazi hiyo. Naamini ukali wa mazoezi yake haueleweki vizuri bila habari hiyo. Usahihi ulikuwa hoja yake.

Beni ilichota vyeo. Chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, madaktari na mahakimu wake, na wakuu wa serikali ya kikoloni waliitazama kwa wasiwasi. Wapo waliosema huko ni kumuiga mzungu, na wapo waliosema ni kumdhihaki. Mimi naona maelezo yote mawili yanapungukiwa. Wanachama walisaidiana katika ugonjwa na misiba, na mgeni aliyeingia mjini bila jamaa alipata pa kuanzia. Cheo alichonyimwa mtu ofisini alikipata kwenye chama, pamoja na majukumu yake.

Tofauti nyingine ni mahali pa mtazamaji. Paris umati ulisimama pembeni, bendi ikapita na kwenda zake. Beni inayopigwa kwenye harusi za Unguja haipiti hivyo. Wanawake huifuata mtaani, huitikia viitikio vya taarabu, huchezesha viuno, na mpiga tromboni huwaangalia wao kabla ya kubadilisha wimbo. Kuwaita watazamaji ni kuwapunja. Nao wanafunzi wa Tallahassee wanacheza, tena kwa ustadi mkubwa, ila kila nyonga imepangiwa mdundo wake tangu mazoezini.

Kandokando ya Ziwa Nyasa, warithi wa beni waliosafiri mbali, yaani mganda na malipenga, wanacheza bila shaba hata kidogo. Huchukua kibuyu, hukitoboa tundu, hulifunika kwa utando wa buibui, kisha huimba ndani yake, na sauti hutoka ikikwaruza kama ya tarumbeta. Safu zipo, sare nyeupe zipo, mguu upo. Marching 100 bila ala zake za shaba isingekuwa Marching 100. Ngoma ya ziwani iliziacha zamani, na bado ikipita kila mtu anajua kwamba hilo ni gwaride.