Itikadi ya Utatu na Uadilifu wa Kuijibu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mmoja asiye na mshirika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, pwani yetu ya Matemwe ina mahoteli, na mahoteli yameleta wafanyakazi kutoka Bara, Wakristo wakiwa miongoni mwao. Vijana wetu hufanya kazi pamoja nao, kisha suali huja nyumbani: je, jirani zetu hawa wanaabudu miungu watatu? Tusilijibu kwa pupa. Kijana aliyefundishwa visivyo ataaibika siku jirani yake atakapomsahihisha, na aibu hiyo itamfika mwalimu wake.

Wakristo husema kuwa Mungu ni mmoja kwa dhati, na katika dhati hiyo mna nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Sura ya Al-Maida, aya ya 116, inakanusha Nabii Isa (A.S.) na mama yake kufanywa miungu, lakini katika nafsi tatu zinazotajwa makanisani, Bibi Maryamu hayumo.

Maneno haya yalipangwa kwa mabishano makubwa. Arius, padri wa Alexandria, alifundisha kwamba Mwana ameumbwa. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 wakamkataa, wakasema Mwana ni wa dhati moja na Baba. Na kikao cha Konstantinopoli cha mwaka 381 kikaongeza habari za Roho. Wao husema waliyaamini hayo tangu mwanzo. Hata hivyo, tamko lenyewe lilikuja karibu miaka 300 baada ya zama za Nabii Isa.

Ugumu mkubwa umo katika neno nafsi. Wakristo wa Kiarabu walichukua neno la Kisuriani, uknumu, ili wasidhaniwe kusema watu watatu. Kiswahili kikapewa nafsi, neno letu la kila siku, na sikio la Mswahili likisikia nafsi tatu huhesabu watatu. Wala tusidhani ni sisi tu tunaotatizika. Augustine, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliungama kwamba neno hilo hutumiwa si kwa kuwa linatosheleza, bali kwa kuwa kunyamaza hakuwezekani.

Hapa Unguja alikuwako Sheikh Abdulaziz al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, kadhi mashuhuri aliyefariki mwaka 1896. Alijuana na Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu na kujenga kanisa la Mkunazini, mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Steere mwenyewe, katika dibaji ya kitabu chake cha lugha cha mwaka 1870, ameeleza kuwa Sheikh alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi kabisa; ila shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, na lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno kwa haja ya misheni. (Kasoro ya namna hii wengi wetu tungeitamani!) Kukaa na padri hakukumpunguzia Sheikh tauhidi yake.

Sisi Utatu tunaukataa waziwazi. An-Nisaa, aya ya 171, imewakataza Watu wa Kitabu kusema watatu, na Al-Ikhlas imefunga mlango wa uzazi pande zote mbili. Walipofika Madina Wakristo wa Najran, waandishi wa sira wanasimulia, walisali sala yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), wakajadiliana naye juu ya Isa, wakakhitalifiana, kisha wakarejea kwao na mkataba wa amani.